Ukuta Ulioota Mpunga

Kwanza niseme jambo moja ili tusije tukagombana katikati ya hadithi: mbuzi wangu hakula nyumba ya mtu. Hapa Kamembe watu wanapenda kuongeza chumvi, na mpaka leo nikipita sokoni na beseni langu la mandazi nasikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Ule maman njo mwenye mbuzi ilikula nyumba." Yaani ndiye mimi. Mbuzi wangu alikula mpunga. Kama mpunga ulikuwa ukutani, mwulizeni mwenye ukuta.

Mwenye ukuta ni Cassien, mtoto wa marehemu dada yangu. Alizaliwa na kukulia Bukavu, ng'ambo ya mto unapotoka ziwani, upande wa Kongo, akaja kwangu vita vya Kongo vilipoanza kwa mara ya pili, na begi moja na mwiko wa kujengea. Nilimpa kipande cha uwanja nyuma ya nyumba yangu. Hapo akafunga shitingi, ile turubai ya plastiki waliyokuwa wakigawiwa wakimbizi, akalala chini yake kama nusu ya watu wa enzi ile walivyolala.

Sasa, mtu anayelala chini ya shitingi akipenda, anapenda vilevile kama wengine. Alimpenda Benitha, msichana wa Giheke aliyekuwa akiuza nyanya sokoni na kulala kwa shangazi yake Nyiramahoro, hatua chache kutoka kwangu. Mimi nami nilimpenda, kwa sababu hakuwahi kula andazi langu bila kulisifu. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Habumugisha. Familia ile ilikaa ukimbizini Kongo chini ya shitingi, na mama yake Benitha alifia humo humo, mvua ikimdondokea usoni na hakuna mahali pa kumsogeza. Mzee hakusahau. Cassien alipotuma watu kuulizia, jibu lilirudi bila salamu ndefu:

"Mutoto wangu alishalala mu shitingi, inatosha. Kama ule kijana anamupenda, ajenge nyumba. Nitakuja miye mwenyewe kugonga ukuta na fimbo yangu. Ukuta ikinijibu, tutaongea. Ikinyamaza, narudia Giheke, na mutoto narudia naye."

Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nilimwona Mzee ana haki, na jambo hilo liliniudhi, maana napenda nikimkasirikia mtu nimkasirikie vizuri.

Haya, nyumba. Kwa vifaa gani? Saruji, ambayo sisi tunaiita sima, ilikuwa inatengenezwa huko huko bondeni Bugarama. Malori yake yalipita mbele yetu na vumbi lake tukalivuta bure, lakini kuinunua yalikuwa mambo ya wakubwa. Cassien aliambulia mfuko mmoja tu, tena ulioingia unyevu ukaanza kuganda kwenye kona. Aliuweka chini ya kitanda chake na kuulinda kama yai. Halafu akaanza kuokota taka.

Niliaibika, sitaficha. Nilikuwa na jina pale mtaani. Na mtoto wa dada yangu anapita mchana kweupe akisukuma toroli ya matofali yaliyovunjika kutoka kwenye nyumba zilizobomoka wakati wa vita, vipande vya zege la zamani, vigae, vyuma vilivyopinda. Mwenye baa akivunja chupa, Cassien amefika na ndoo kabla kishindo hakijaisha. Makopo ya mafuta ya msaada, yale yenye picha ya mikono miwili inayosalimiana, aliyapiga nyundo mpaka yakalala, akayaunga yakawa mlango. Ukisimama mbele ya mlango ule unasalimiwa kuanzia juu mpaka chini.

"Cassien," nilimwambia, "batu banasema umepata wazimu."

"Maman, takataka haiko," akajibu. "Kuko tu bintu benye bado kupewa kazi."

Eti ni vitu ambavyo havijapewa kazi tu. Alisema hivyo kwa heshima zote, huku akininyang'anya sufuria langu lililotoboka. Kwa bahati mbaya nilikuwa bado nalipikia.

Rafiki yake Hakimu ndiye aliyemsaidia. Hakimu ni Mwislamu wa hapa hapa Kamembe, ukoo wao wote ni mafundi na wachuuzi. Asubuhi anajenga, jioni ananyoa watu nywele kwenye kibaraza chake karibu na msikiti. Mikono yake mizuri kwa kazi zote mbili, isipokuwa anazichanganya. Akimaliza kujenga anaupuliza ukuta kuondoa vumbi, na akimaliza kunyoa anakugonga kichwani kusikiliza kama kuna ufa.

Wawili hao walichimba msingi, wakaujaza zege la matofali yaliyopondwa na vipande vya chupa, na sima kidogo mno. Kuta wakazipandisha kwa kila kilichokuwa kigumu. Tofali jekundu likakaa karibu na jiwe, jiwe karibu na kigae, kigae karibu na kitu ambacho sikukitambua na sikutaka kukitambua. Niliona pia kwamba kila jioni Benitha alipita kwetu akitoka sokoni na kapu kichwani. Nyanya zake zilikuwa zinauzwa zote, nilishuhudia mwenyewe, na bado kapu lilikuwa linamfanya aweke shingo wima na kupumua kwa mdomo. Nilidhani ni mapenzi. Mapenzi nayo yana uzito wake.

Kuta zilipomalizika, na mabati makuukuu juu yake, zilikuwa imara, lakini sura yake! Cassien alizitazama, akaona aibu niliyokuwa nimeiona mimi tangu mwanzo.

"Mzee hawezi kuona ii," alisema. "Ataona jalala imesimama. Lazima nipige krepi."

Krepi ni lipu, lile tope unalopaka ukutani ukafunika kila kitu. Lakini sima ilikuwa imebaki ya kujaza kikombe. Basi akaenda Nyakabuye kwa minibasi, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akarudi na magunia ya maganda ya mpunga ambayo mwenye mashine alifurahi kuondolewa. Maganda hushika udongo usipasuke, hilo ni kweli kabisa. Hakimu alimshauri ayachome kwanza, achanganye majivu.

"Nichome na kuni gani?" Cassien akamwuliza. "Na Mzee anakuja Jumamosi ya wiki ijayo! Acha, iende vilevile."

Alichanganya udongo mweusi wa bondeni, maganda ya mpunga, majivu ya jikoni kwangu, kile kikombe cha sima, na samadi ya ng'ombe ili ilainike, kama wazee wetu wote walivyofanya. Akapaka ukuta mzima, nje pote, unene wa kidole gumba. Na kwa kuwa yeye ni mwashi na si mtu wa kubahatisha, alijua kwamba ukuta mpya haukaushwi na jua kwa pupa. Ukuta mpya hunyweshwa. Aliumwagilia maji asubuhi na jioni, wiki nzima, bila kukosa. Na ili unyevu usitoroke, alichukua ile shitingi aliyokuwa akilala chini yake, akaifunika nyumba yote kuzunguka, akaifunga kwa kamba. Ndani yake kulikuwa na joto zuri sana. Ukiingiza mkono unatoka umetokwa jasho.

Nadhani msomaji mwenye akili amekwisha kuona kinachokuja. Sisi hatukukiona. Hakimu hana hatia, kwao hakuna aliyewahi kushika jembe. Lakini hapa wakulima walipita asubuhi na jioni, watu waliolima tangu wana meno ya utoto. Walimwona Cassien akimwagilia, wakasema, "Courage, masoni!", yaani jikaze, mwashi, wakaenda zao.

Jumamosi ilifika. Nilikaanga mandazi, nikapika isombe ya majani ya muhogo na maharage, nikafagia uwanja mpaka vumbi likakoma lenyewe. Cassien alivaa koti la Hakimu, ambalo mikono yake iliishia karibu na viwiko. Wageni walikuwa njiani kutoka kwa Nyiramahoro. Cassien alituita, mimi na Hakimu, tushuhudie nyumba ikifunuliwa. Alifungua kamba taratibu, kwa madaha, akaivuta shitingi.

Nyumba ilikuwa ya kijani.

Simaanishi kuvu. Simaanishi madoa. Namaanisha majani, mazuri, membamba, ya urefu wa kidole, yamesimama ukuta mzima kutoka chini mpaka kwenye mabati, yakitikisika kidogo kwa upepo wa ziwa.

"Cassien," Hakimu aliuliza kwa sauti ya chini, "umepanda nini?"

"Mi sikupanda kintu! Nilipiga krepi!"

Nilikwenda nikang'oa jani moja, nikalitafuna. Mpunga. Kumbe ile mashine ya Nyakabuye ilikuwa imezeeka, inaacha punje nzima zipite pamoja na maganda. Na mtoto wa dada yangu alikuwa amezipa udongo wa bonde, samadi, majivu, maji asubuhi na jioni, na blanketi la plastiki. Shamba langu mwenyewe halijawahi kutunzwa hivyo.

Cassien alikaa chini. Hapo kicheko changu chote kikanyauka. Kijana yule alikuwa hana kitu kingine duniani. Bukavu hakuna kwao tena, mama yake yuko kaburini, na kila alichokuwa amekitumaini kilikuwa kwenye ukuta ule, ambao sasa ulikuwa unataka kupaliliwa.

"Simama," Hakimu alimwambia. "Nywele njo kazi yangu."

Alikimbia akarudi na mkasi na kitana. Wallahi aliunyoa. Alianza karibu na mlango, anachana, anakata, anapuliza, anarudi nyuma kutazama kama pande zote ziko sawa. Alipofika kwenye kona mazoea yakamzidi, akauliza, "Hapa nyuma nipunguze, ao niache kidogo?"

"Nyoa yote, Hakimu! Yote!"

Lakini mkasi wa kinyozi haukutengenezwa kwa nyumba. Alikuwa hajafika dirishani ukawa butu. Ndipo Cassien akaniangalia na kusema maneno ambayo nataka kila mtu wa Kamembe ayasikie: "Maman, lete mbuzi."

Umesikia? Aliitwa. Aliitwa kazini.

Mbuzi wangu anaitwa Dwani, kama ile ofisi ya forodha pale mpakani, kwa sababu hakuna mzigo unaopita mbele yake bila kukaguliwa. Nilimfungua kamba. Alikwenda ukutani kwa adabu, akanusa, akaanza kazi, na alikata sawasawa kuliko Hakimu. Ningemwacha peke yake angemaliza bila aibu yoyote. Lakini mbuzi wa majirani wakasikia, sijui nani huwaambia, na kabla sijafungua mdomo walikuwa wamejaa uwanjani. Hao hawakulelewa. Hawakukata, walivuta. Mizizi ya mpunga ilikuwa imeshikana ndani ya lipu, basi mbuzi akivuta hapa, lipu inabanduka mpaka pale.

Wageni waliingia wakati huo huo.

Ona walichokiona. Mkwe mtarajiwa ndani ya koti la mtoto, ameshika kamba. Kinyozi na kitana chake, uso kwa uso na ukuta. Na mbuzi wa mtaa mzima wanaila nyumba.

"Yesu!" Nyiramahoro alipiga yowe na kushika kichwa. "Nyumba inakuliwa!"

Mzee Habumugisha alijongea hatua mbili. Alikuwa amevaa kofia yake nzuri na fimbo mkononi, mtu mrefu, mkavu. Benitha alisimama nyuma yake, macho chini. Mzee alitazama majani, akatazama mbuzi, akatazama ile shitingi iliyolala kwenye matope chini ya ukuta. Aliitazama shitingi muda mrefu kuliko vyote.

"Nilisema ukuta inijibu," alisema mwisho. "Sasa ii yenu inatafunwa. Benitha, twende."

Nilimkimbilia na sahani ya mandazi ya moto. Aliyapita. Sijawahi kuona mtu akipita mandazi yangu namna ile, nami niliumia pande zote mbili, kama mpishi na kama mama.

"Papa!" Cassien aliita. "Papa, ngoja kidogo."

Alichukua jembe langu lililoegemea jikoni. Niliogopa, maana kijana aliyekata tamaa akishika jembe hujui. Aliwafukuza mbuzi, akaenda ukutani, akaanza kuikwangua ile lipu. Kazi yake ya wiki nzima. Ilitoka vipande vikubwa, na majani yake na mizizi yake, ikaanguka puu, puu. Alikwangua akilia wazi wazi, wala hakujifuta. Chini yake ule ukuta wa kweli ukatokea, na ubaya wake wote: tofali, zege, kigae, kitako cha chupa kinachometameta, sufuria langu.

"Ii njo nyumba," alisema. "Ni takataka. Niliifunika sababu ya aibu. Lakini gonga, Papa. Gonga, kisha urudie Giheke."

Mzee alisita. Kisha akarudi, polepole, akanyanyua fimbo.

Ngo.

Ukuta ukajibu. Akasogea, akagonga tena chini, akagonga juu, akagonga penye sufuria langu, nalo likajibu kwa sauti yake. Akaweka fimbo kando, akausukuma ukuta kwa bega lake lote, miguu ikichimba matope. Kofia ilianguka. Ukuta haukuanguka.

"Eh," alisema Mzee.

Hapo hapo Nyiramahoro, ambaye alikuwa amesogea kuchungulia, akapiga yowe la pili. "Sahani yangu!" Kidole chake kilikuwa kwenye nusu ya sahani ya bluu iliyojengewa karibu na dirisha. "Ni sahani yangu ilivunjika mwaka jana! Na uyu... uyu ni mufuniko wa chungu yangu! Na jiwe langu ya kusagia, nilitafuta jiwe ile! Weye kijana, unaingiaka kwangu kuiba?"

"Hapana, Maman," Cassien alisema, "mi..."

"Toa sahani yangu!"

"Nikitoa, dirisha inaanguka."

"Ni miye, Shangazi," alisema Benitha.

Wote tuligeuka. Alikuwa ameinua macho, na nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyofanana na baba yake.

"Ni miye nilikuwa naleta. Kila jioni, mu kapu ya nyanya. Matofali, mawe, sahani. Papa, nusu ya ii nyumba nilibeba na kichwa yangu. Jiwe yenye uko unasukuma na bega ni miye nilitoa kule kwa barabara." Akamsogelea baba yake. "Weye ulisema sitalala tena mu shitingi. Nilisikia. Nikajenga."

Dwani alikuwa amerudi, anamalizia kazi kwenye mabonge ya lipu. Mzee aliokota kofia yake, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Donc, basi," alisema, "natoka Giheke na jua ii yote kuja kukagua nyumba ya mutoto wangu mwenyewe."

"Ndiyo, Papa."

Aliinama akang'oa jani moja la mpunga kutoka kwenye bonge la lipu, akalizungusha kati ya vidole kama mkulima anavyofanya. "Na mpunga ni ya nani?"

"Ile ilikuja yenyewe," Cassien alisema.

Bega la Mzee likaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kilichokaa ndani muda mrefu kikatoka na kutu yake, akashika ukuta asianguke, na ukuta ukamshika. Hakimu naye akaanza. Nyiramahoro alijaribu kubaki na hasira kwa ajili ya sahani yake, akashindwa.

Tulipokuwa tunakula, Mzee alisema kuna kitu kimoja anakitaka kabla maneno ya ndoa hayajaanza. Sote tuliacha kutafuna. Alinyoosha fimbo kuelekea matopeni.

"Ile shitingi. Munipe."

Tulidhani anakwenda kuichoma. Cassien aliiosha, akaikunja vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili, na Mzee akaondoka nayo kwapani.

Walioana baada ya mavuno. Siku ya kuposa, msemaji wa upande wa msichana alitufanyia utani wa kawaida wa siku zile, akisema hawawezi kumtoa binti wao kwa mtu ambaye hawajui kama ni mwashi au mkulima. Ukuta haujapigwa lipu tena mpaka leo. Cassien hataki, na Nyiramahoro hataki zaidi, maana kila Jumapili akitoka kanisani anapita kuitazama sahani yake.

Mimi nilikwenda Giheke baadaye na beseni langu, kumsalimia Mzee. Nilimkuta amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, juani. Mbele yake shitingi ile ilikuwa imetandazwa ardhini, na juu yake maharage yake yote yanakauka, mekundu, yamejaa mpaka pembeni. Alikuwa anayalinda kuku wasiyaguse. Aliona ninavyoitazama.

"Ilikaa juu yetu muda mrefu," alisema. "Sasa njo iko chini."

Nilikaa karibu naye, tukayatazama maharage. Baadaye kidogo akanyoosha mkono bila kunitazama, akaniomba andazi.